Tumbo la Fundi Nyakio

Nyakio alikuwa na miaka kumi na minane alipobishana na daktari kwa mara ya kwanza. Ilikuwa Januari 2008, ndani ya hema la matibabu katika kambi ya uwanja wa maonyesho, Eldoret. Wiki moja kabla ya hapo nyumba ya mama yake kule Yamumbi ilichomwa pamoja na ghala la mahindi, katika fujo zilizofuata uchaguzi. Mama na binti walitoroka kupitia shamba la jirani na blanketi moja, na bahasha yenye vyeti. Mama Nyakio hakuwa na mtoto mwingine, na mumewe alikuwa amefariki siku nyingi.

Mimi nilimfundisha msichana huyu darasa la saba. Mengi ya haya nimeyasikia kwake mwenyewe, akiwa juu ya ngazi akinipigia plasta.

Maumivu yalimshika kambini siku ya tano. Hayakuwa mageni. Tangu kidato cha pili yalikuwa yakija kila mwezi, chini ya kitovu, zaidi upande wa kushoto, na yakija yanamkunja mpaka magoti yanagusa kifua. Shuleni matroni alimpa vidonge na kumwambia kuwa wasichana wote hupitia hayo. Siku hiyo kambini alianguka kwenye foleni ya uji, na wanawake wawili wakambeba mpaka hemani.

Daktari alikuwa kijana wa kujitolea, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimuuliza waliochoma nyumba walimfanya nini. Nyakio akasema hakuna aliyemfanya kitu. Akaulizwa tena kwa sauti ya chini. Mara ya tatu daktari aliwatoa watu wote nje ndipo akauliza. Nyakio anasema alijua hata wakati ule kwamba mtu huyo alimtakia mema, kwa sababu kambini mlikuwa na wanawake waliobakwa, na wawili kati yao aliwajua kwa majina.

"Daktari, walichoma nyumba yetu," alimwambia. "Mimi hawakunigusa. Hili tumbo lilikuwa likiniuma hata kabla ya kura."

Daktari akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali lakini haamini. Akaandika kwenye kadi, akamwelekeza kwenye foleni ya wanawake waliokuwa wakipewa ushauri na dawa maalum. Nyakio aliisoma kadi akiwa njiani, akakuta imeandikwa kwamba alibakwa. Akageuka, akarudi amejishika tumbo, akaiweka mezani na kumwambia daktari akate yale maneno. Foleni ile ilikuwa na wenyewe, alisema, na yeye hawezi kusimama mahali pa mtu aliyeumizwa. Daktari akakata. Lakini baada ya kukata hakuwa na kitu kingine cha kuandika. Akampa vidonge vya maumivu, akamwambia asubiri hali itulie, ndipo ataangaliwa vizuri.

Hali haikutulia haraka, na tumbo halikusubiri. Machi ilipofika, adhuhuri moja alianza kutapika na akashindwa kunyoosha mgongo. Gari la kanisa likampeleka hospitali moja ya kibinafsi mjini, ambayo jina lake nitaliacha. Daktari wa huko akabonyeza tumbo, akasema ni kidole tumbo. Nyakio akamwambia maumivu yako kushoto. Akajibiwa kwamba maumivu hutembea. Siku hiyo hiyo walimpasua, na alipozinduka alikuwa na mshono uliotoka kitovuni kwenda chini, mrefu kuliko kiganja chake. Wakamwambia kazi imeisha. Wiki tatu baadaye maumivu yalirudi kwa tarehe yake, kama kawaida.

Kuanzia hapo kila mtu alikuwa na maelezo yake. Kanisani walisema ni mshtuko wa fujo umemkaa tumboni. Majirani waliona mshono wakasema ni panga, au ni mimba iliyotolewa. Mama yake aliamini ni hofu, kwamba mwili wa binti bado unakimbia hata baada ya miguu kusimama. Nyakio aliwasikiliza wote, na wote aliwaambia jambo moja: yalianza nikiwa na miaka kumi na sita, na hapo hakukuwa na fujo yoyote.

Watu walipoanza kurudi Yamumbi katikati ya mwaka ule, mama na binti walirudi pia. Walipewa mabati na mbao, na akaja mzee Murunga, fundi wa mawe kutoka mtaa wa Pioneer, mtu wa Kakamega asiyependa maneno mengi. Alikuwa akijenga nyumba baada ya nyumba za watu waliochomewa. Nyakio alianza kwa kumletea maji ya kukoroga simiti. Siku ya nne akaomba kushika mwiko. Mzee Murunga akamwangalia, akampa, akamwachia safu moja ya mawe nyuma ya nyumba mahali ambapo hata ikipinda haitaonekana. Haikupinda. Nyumba ilipokwisha alimfuata kwenye saiti iliyofuata, na iliyofuata hiyo. Baada ya miaka miwili alikuwa akishika kona, kazi ambayo fundi hampi mtu asiyemwamini.

Lakini kila mwezi kulikuwa na siku mbili au tatu ambazo hakuonekana. Vijana wa mjengo walimcheka, kwanza kwa siri, halafu waziwazi. Walisema kazi ya mawe haikuumbiwa mwanamke, ndiyo inamharibu ndani. Siku moja hata mzee Murunga alimuuliza kama si uzito wa mawe unaomwumiza.

"Mzee, haya mambo yalianza wakati kitu kizito nilichokuwa nikibeba ni kamusi," Nyakio alimjibu.

Hospitali alikwenda. Kati ya 2009 na 2012 alipewa dozi ya dawa za kuua viini mara nne, na kila mara aliulizwa ana wapenzi wangapi. Vipimo vilitoka safi, na dozi ikatolewa vilevile. Mara ya tano aliirudisha dawa juu ya meza, akasema hatakunywa dawa ya ugonjwa ambao kipimo kimesema hana. Picha ya skani ilipigwa ikasomwa kwamba hakuna kitu. Shangazi yake alikuja kutoka Nyahururu na suluhisho lake: azae tu mtoto mmoja, tumbo litafunguka na litanyamaza.

"Kwa hivyo nizae ndiyo nipone?" Nyakio akamuuliza. "Na huyo mtoto akikua nimwambie nini, kwamba yeye alikuwa dawa?"

Shangazi alikasirika, akapanda gari akarudi kwao kabla ya chai.

Mwanzoni mwa 2012 maumivu yalimpiga akiwa juu ya jukwaa la mbao, ghorofa ya kwanza ya nyumba za kupangisha. Macho yakaona giza. Alishuka akishikilia nguzo kwa mikono miwili, na alipofika chini akalala juu ya mchanga. Mzee Murunga akamfunika kwa koti lake. Siku tatu baadaye Nyakio alirudi kazini, akaweka mguu kwenye ngazi. Mzee akamzuia. Alimwambia hamfukuzi, na nafasi yake hampi mtu, lakini hawezi kumpandisha juu mtu ambaye hakuna anayejua ana nini. Akajue kwanza. Nyakio alinuna siku nzima. Alipokuwa akinisimulia alikiri kwamba huyo ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kuyachukulia maumivu yake kuwa kitu halisi, kitu kinachoweza kumwangusha mtu akafa.

Ndipo akaenda kituo kimoja cha afya karibu na mtaa wa West Indies, na huko akampata muuguzi Seline Amolo. Sista Seline alikuwa mama wa makamo kutoka upande wa ziwa, aliyefanya kazi Eldoret miaka mingi. Hakumuuliza habari za fujo wala za wapenzi. Alimuuliza tarehe. Lini yanaanza, lini yanaisha, kama kwenda haja kunauma siku hizo, kama mguu unakufa ganzi. Akampa kazi ya kuandika hayo yote kwa miezi mitatu. Nyakio aliandika kwa penseli ya ufundi, nyuma ya kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi. Sista alipoiona kalenda ile aliipitia tarehe moja moja, kisha akasema kwamba hapa panahitajika mtu wa kuangalia ndani.

Nyakio akasimama. Alisema ameshafunguliwa mara moja na hafunguliwi tena.

Sista Seline hakumlazimisha. Alimwambia aketi, akamweleza. Siku hizi kuna upasuaji wa matundu madogo. Unalazwa usingizi, tumbo linajazwa hewa kidogo ili viungo viachane, halafu kamera nyembamba kama penseli inaingizwa kupitia tundu pembeni mwa kitovu. Daktari anaona kila kitu kwenye skrini. Akikuta shida, anaingiza vyombo vyembamba kupitia matundu mengine mawili na kuitibu palepale. Skani inaweza kukosa kuona, alisema, kwa sababu kuna magonjwa ambayo ni madoa tu, na doa mpaka ulione kwa macho.

"Kwa hivyo ukuta haubomolewi," Nyakio akasema.

"Haubomolewi."

Kisha akauliza mbona miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia. Sista akajibu kwamba vyombo hivyo ni vichache, na wanaojua kuvitumia ni wachache zaidi. Halafu akaongeza kwamba wengi hawaoni haja ya kuangalia ndani ya msichana anayelalamika tumbo.

Kabla ya kumwandikia barua, Sista alitaka rekodi ya upasuaji wa 2008. Nyakio akaenda ile hospitali ya kibinafsi. Kwenye kaunta aliambiwa kwamba faili za mwaka ule zilipotea wakati wa fujo. Akawaambia kwamba yeye alipasuliwa Machi, wakati moto ulikuwa umezimwa. Wakamwambia arudi wiki ijayo. Hakurudi wiki ijayo. Aliketi kwenye benchi lao mpaka wanafunga, na siku ya pili akaja tena, na ya tatu, akiwa na nguo za kazi, simiti imekauka kwenye buti. Wagonjwa wengine walianza kumuuliza anangoja nini, naye aliwaeleza wote, bila kupunguza sauti. Siku ya tatu saa nane mchana faili lilipatikana.

Lilikuwa karatasi mbili. Ya pili ilieleza walichokikuta tumboni. Kidole tumbo: cha kawaida. Chini yake: ovari ya kushoto imevimba, ina majimaji ya kahawia.

Waliona. Waliona, wakashona, wakamwambia kazi imeisha. Daktari mwenyewe alikuwa ameshahama mji. Nyakio alichukua nakala, akatembea kwa miguu mpaka Pioneer, kwa sababu, aliniambia, angepanda boda boda angemgombeza mwenye pikipiki bila kosa lake.

Barua ya Sista Seline ilimpeleka hospitali kubwa, kwa Daktari Jepchirchir, mwanamke mtaalamu wa magonjwa ya kina mama, mzaliwa wa nyanda hizihizi za Uasin Gishu. Daktari alisoma kalenda, akasoma karatasi ya 2008 mara mbili, akaandika tarehe: Jumatano, 27 Februari 2013. Kulikuwa na foleni ya miezi saba.

Mama Nyakio alipolisikia jina la daktari, jina la kabila la wale waliowachomea nyumba, aliacha kuchambua maharagwe. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama kweli binti yake atalala usingizi mbele ya kisu cha watu wale. Nyumba yao mpya ilikuwa imesimama pale pale ilipochomwa ya kwanza. Mama hakuwa amesahau ni nani walikuja na petroli, na baadhi yao alikutana nao sokoni kila Jumamosi.

"Mama," Nyakio akasema, "yule aliyenipasua mara ya kwanza alikuwa wa kwetu."

Mama akarudi kwenye maharagwe yake. Hilo jambo halikutajwa tena nyumbani.

Februari ilipokaribia kwisha, uchaguzi ulikuwa wiki inayofuata. Yamumbi kulianza kupungua watu. Hakukuwa na kelele safari hii. Viongozi waliokuwa mahasimu wakati ule sasa walikuwa jukwaa moja na redio ilihubiri amani asubuhi mpaka jioni. Lakini watu walikuwa wamejifunza. Ulikuwa unaona godoro juu ya pikapu, mtoto katikati, mlango umefungwa kwa kufuli mbili. Mama Nyakio alifunga nguo zao kwenye leso, akasema wanaenda kwa shangazi Nyahururu mpaka matokeo yatangazwe. Nyakio akasema yeye hatoki. Amejenga nyumba kumi na saba katika kijiji hiki kwa mkono wake, alisema, na hakuzijenga ili azikimbie kila miaka mitano.

Jumatatu alikwenda kliniki kuthibitisha tarehe. Mlangoni akaambiwa na karani kwamba upasuaji wote usio wa dharura umesimamishwa mpaka baada ya kura. Hospitali inaacha vitanda wazi, ikiwa kutatokea majeruhi. Apige simu mwezi wa nne.

Nyakio hakupiga kelele. Alikaa chini, mgongo mlangoni kwa Daktari Jepchirchir, na watu wakawa wanamruka wakiingia na kutoka. Karani alimwambia ainuke, askari wa lango akaitwa, askari akamwona ni mgonjwa akaogopa kumgusa. Mchana daktari alitoka akitaka kwenda kula, akamkuta pale.

"Daktari, mwaka wa 2008 niliambiwa maumivu yangu yangoje mpaka vita viishe," Nyakio alisema bila kuinuka. "Mwaka huu mnataka yangoje vita ambavyo hata havijaanza. Mimi nitakuwa mgonjwa wa lini?"

Daktari Jepchirchir alisimama akimtazama. Nyakio anasema uso wake haukuwa na huruma wala hasira. Ulikuwa uso wa mtu anayepiga hesabu. Mwisho akasema kwamba uamuzi ule si wake peke yake, akaenda zake, na chakula hakula, maana alirudi baada ya saa nzima bado ameshika mfuko wake wa chakula.

"Jumatano, wa kwanza asubuhi," alisema. "Usiku usile kitu. Ukila hata kipande cha mkate nitakurudisha Yamumbi."

Mama hakwenda Nyahururu. Jumatano alikaa kwenye kiti nje ya chumba cha upasuaji, ile leso ya nguo bado imefungwa, kwa kuwa hakuwa na moyo wa kuifungua wala wa kuondoka nayo.

Walikuta madoa. Yalikuwa mengi kwenye ngozi inayofunika viungo vya tumboni, mengine meusi, mengine mekundu. Kwenye ovari ya kushoto kulikuwa na uvimbe wenye majimaji mazito ya rangi ya chokoleti, na kipande cha utumbo kilikuwa kimegandamana na kovu la ule mshono wa 2008. Ugonjwa huo unaitwa endometriosisi: nyama ya aina ile iliyo ndani ya mji wa mimba inaota nje yake, na kila mwezi inavuja damu isiyo na mahali pa kutokea. Daktari aliuondoa uvimbe akaiacha ovari, akakata na kuchoma madoa aliyoweza kuyafikia, akaubandua utumbo polepole. Ilichukua saa mbili na nusu. Alipomaliza, mgonjwa alikuwa na matundu matatu, kubwa lake halifiki ukucha wa kidole gumba.

Nyakio alipozinduka kilichomuuma zaidi kilikuwa bega. Aliwauliza mbona wamempasua bega. Wakamweleza kwamba ni ile hewa, inapanda, itaisha kwa siku mbili. Daktari alikuja na picha zilizochapwa kwenye karatasi, akamwonyesha kwa kalamu: hapa, na hapa, na hapa. Alimwambia wazi kwamba huu ni ugonjwa unaoweza kurudi, kwamba atahitaji vidonge na kuangaliwa, na kwamba hamwahidi kitu ambacho hana. Nyakio hakuyasikia vizuri yale ya mwisho. Alikuwa akitazama picha. Miaka saba watu walikuwa wakimweleza kilichomo tumboni mwake bila kukiona, na sasa kilikuwa hapo kwenye karatasi, kina rangi, kina mahali pake.

"Kwa hivyo nilikuwa nasema kweli," alisema.

"Ulikuwa unasema kweli," daktari akajibu.

Alhamisi jioni aliruhusiwa kwenda nyumbani. Jumatatu iliyofuata, tarehe nne, aliamka akavaa gauni pana na kwenda kupiga kura kwenye shule ya msingi, akitembea kama mtu aliyebeba karai la maji kichwani. Mama yake aliwatangazia watu wote kwenye foleni kwamba huyu ametoka hospitali juzi, na wakampitisha mbele. Nyakio aliona aibu lakini alipita. Yamumbi haikuchomwa mwaka ule. Majuma sita baadaye alikuwa juu ya jukwaa la mbao kwa mzee Murunga, na tarehe zake zilipofika alifanya kazi nusu siku, akaketi, akamaliza nusu iliyobaki.

Hakupona kama mtu aliyeng'olewa jino. Mwaka wa 2015 maumivu yalirudi, madogo, akarudi kwa Daktari Jepchirchir akabadilishiwa vidonge. Kuna miezi mizuri na kuna miezi mibaya. Tofauti ni kwamba sasa mwezi mbaya una jina, na kijana wa mjengo anayecheka anaambiwa jina hilo, na asipoelewa anaelezwa tena kwa kirefu mpaka ajute kucheka.

Zile picha alimpa mama yake aziweke. Mama alizitia ndani ya Biblia, na Nyakio alimkuta mara mbili amezifungua, akizitazama kama mtu anayesoma barua. Asubuhi moja, mwaka uleule wa upasuaji, 2013, alimkuta jikoni ameinama, mkono mmoja chini ya kitovu, mwingine umeshika ukingo wa meza. Alipoulizwa, mama alisema si kitu, ni ya kawaida. Ya kawaida ya tangu lini, Nyakio akauliza. Mama akageukia ukuta. Kisha akasema, akiwa bado amegeukia ukuta, kwamba ndiyo sababu hakupata mtoto wa pili, na kwamba baba yake Nyakio alikufa bila kujua. Mama alikuwa na miaka arobaini na saba. Akasema amezeeka, yatakwisha yenyewe.

Nyakio alikasirika kuliko alivyokasirikia ile hospitali. Alimletea viatu.

Kwa Sista Seline mama aliketi kwenye ncha ya kiti, mkoba magotini. Sista akafungua ukurasa mpya, akauliza maumivu yalianza lini. Mama akamtazama binti yake ili amjibie. Nyakio akatazama dirishani, akakataa kumjibia.

Mwisho mama akaweka mkoba chini.

"Nilikuwa darasa la saba," alisema. "Andika, Sista. Ni miaka thelathini na mbili, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Andika yote."